Nilizipaka Kalipa za Gari Mafuta ya Hina, Kisha Nikamtwika Fundi Lawama

Uvumilivu wangu ulikatika Jumanne saa kumi jioni, mume wangu alipocheka.

Hakucheka sana. Alicheka kidogo tu, kikombe cha chai mkononi, akasema, "Sasa wewe unataka tukamwambie chifu nini? Kwamba mke wangu alipaka gari hina?"

Nilikuwa nimeshika chupa ya mafuta ya simsim. Nikaitupa! Sikumtupia yeye, Mungu ni shahidi wangu, niliitupa ukutani. Ikapasuka, mafuta yakateremka kwenye rangi, na chumba kizima kikanuka karafuu. Mtoto wetu akaanza kulia. Alikuwa na sababu ya kulia, nitaifikia.

Lakini nisianze kwa kumsema mume. Kosa la kwanza ni langu, la pili ni langu, na lile la tatu, ambalo ni baya kuliko yote, pia ni langu. Naandika nikiwa na hasira bado. Mnisamehe nikipayuka.

Jina langu sitaandika. Isiolo ni ndogo, atakayenijua atanijua tu. Nina miaka ishirini na sita, nilimaliza Fomu Foo, nimeolewa mtaa wa Kiwanjani, na kazi yangu ni kupaka hina. Maharusi wengi wa mtaa wetu wamepita mikononi mwangu. Mtoto wangu ni mmoja, nitamwita Sumeya, ana miaka minne. Mume wangu ana Probox, anabeba abiria wa Kinna.

Binamu yangu alikuwa anaolewa Jumamosi. Familia ikasema gari letu ndilo litambeba bibi harusi. Jameni, nilifurahi! Msafara wetu unapopita mjini watu wote hutoka madukani kuangalia, na gari la bibi harusi ndilo linaangaliwa kwanza. Sasa letu ni jeupe, limechakaa, limekula vumbi la Kinna miaka na miaka. Nikasema hapana, haliwezi kwenda hivyo.

Kwa simu nilikuwa nimeona magari ya vijana wa Nairobi, ukichungulia katikati ya rimu unaona kitu chekundu kinawaka. Nikauliza nikaambiwa hizo ni kalipa. Ndicho kile chuma kinachobana diski ya gurudumu ukikanyaga breki. Nikaona, kumbe ni kupaka rangi tu! Mimi napaka maua ya hina kwenye kidole cha mtu, nitashindwa na chuma?

Alhamisi asubuhi mume wangu alikuwa amempelekea fundi gari abadilishe pedi za breki za mbele. Huyu fundi ni Mmeru, ana miaka kumi na moja anafanyia kazi kando ya ukuta wa kinu cha unga. Nitamwita Fundi tu. Aliweka pedi mpya, akajaribu gari mwenyewe hadi barabara kubwa na kurudi. Likashika vizuri.

Mchana huohuo mimi nikaweka jeki.

Nilifungua gurudumu la kushoto kwanza. Kutu na uchafu nikasugua kwa brashi ya waya. Diski nikaifunika kwa karatasi za nailoni na ile tepu ninayotumia kupanga maua mkononi. Nilikuwa makini sana, tena sana! Nikapaka mkono wa kwanza wa rangi nyekundu, ukakauka. Nikapaka wa pili. Jua letu mnalijua, rangi haiulizi. Nikahamia upande wa kulia, vilevile. Hadi hapo hakuna mtu angenikosoa.

Nikatoa tepu, nikatoa nailoni, nikarudi nyuma kuangalia kazi yangu. Rangi ilikuwa imekauka, lakini imepauka. Haing'ai. Nyekundu ya kuchoka.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hapa ndipo mikono yangu ilifanya kitu bila kuniuliza. Mtu anayepaka hina anajua hatua ya mwisho. Hina ikikauka unaikwangua, halafu unapaka mafuta, rangi inaiva na kung'aa. Mimi yangu ni ya simsim, nayachemsha na karafuu. Nimefanya hivyo mara ngapi? Siwezi kuhesabu. Nikaingia ndani, nikachukua chupa na pamba, nikazipaka kalipa mafuta. Zote mbili! Nikizungusha pamba polepole kama niko kwa kiganja cha bibi harusi.

Ziling'aa, wallahi. Ziling'aa nikazipiga picha.

Mafuta mengine yakateremka kwenye diski. Niliyaona. Nikayapangusa kwa ncha ya leso yangu, nikawa nayasambaza tu, na mengine yakaingia ndani kule pedi zinakokaa. Nikajiambia, aah, hii ni simsim, si oili ya injini. Nikarudisha magurudumu, nikakaza, nikaenda kupika.

Mjinga gani huyo? Mimi.

Ijumaa gari halikutoka uani. Jumamosi asubuhi likafungwa maua na ribini, tukaingia. Mume wangu kwenye usukani, mimi mbele nimempakata Sumeya, bila mkanda. Ndiyo, bila mkanda, niandikieni hilo pia. Bibi harusi nyuma na shangazi zake wawili.

Tulikuwa polepole, msafara unapiga honi, breki zinakanyagwa kila hatua. Na kadiri zilivyokanyagwa ndivyo zilivyopata moto. Bibi harusi akasema, "Abaayo, dada yangu, nani anapika pilau kwa gari?"

Tukacheka wote. Ilikuwa inanuka karafuu kweli. Shangazi mmoja akasema, "Ni njaa yako hiyo, tangu jana hujala, unamfikiria mume." Tukacheka tena. Mimi nikadhani ni mikono yangu inanuka.

Karibu na pale akina mama wanapouza maziwa ya ngamia, mbuzi wakakatisha barabara. Msafara ukasimama. Mume wangu akakanyaga breki. Gari likavuta kulia, kama mtu amelishika bega. Akakanyaga tena akisema, "Imekataa! Imekataa!" Tukapanda ukingo wa barabara, tukaingia kwa mitungi ya maziwa, tukagonga nguzo ya zege.

Akina mama wale walikuwa wamekimbia, alhamdulillahi. Hakuna aliyekufa. Lakini Sumeya alinitoka mikononi akagonga dashibodi. Nilisikia mkono wake. Sitaeleza zaidi, mtu mzazi anaelewa.

Hospitali wakasema umevunjika mahali pawili. Wakamfunga plasta kutoka kiganjani hadi juu ya kiwiko. Nilikaa pale na nguo yangu ya harusi imelowa maziwa, nikawa natafuta mtu wa kumla mbichi. Na nikampata, bila kumtafuta mbali. Nani aligusa breki juzi? Fundi!

Nilitoka hospitali nikaenda moja kwa moja pale ukutani kwake. Alikuwa chini ya gari la mtu. Nilimvuta mguu atoke. Nikampigia kelele mbele ya wateja, mbele ya wasagaji unga, mbele ya kila mtu aliyekuwa na masikio.

"Umenivunjia mtoto! Wewe ni fundi wa nini? Wa kuchonga mwiko?"

Akasimama, anajipangusa mikono. "Mama Sumeya, pole. Pole sana. Mtoto yuko aje?"

"Usitaje mtoto wangu!"

"Nileteeni gari nilione. Hizo pedi nilifunga mwenyewe, nikazijaribu. Wacha nifungue nione ni nini."

"Gari langu hutaligusa tena mpaka ufe!"

Na nikasema neno lingine, kuhusu kabila lake. Sitalirudia hapa. Waliolisikia wanalijua, na yeye analijua.

Kama hiyo haikutosha, nikashika simu nikatuma ujumbe wa sauti kwa grupu ya akina mama wa mtaa. Nikasema huyu mtu ni muuaji, msimpelekee hata baiskeli. Ile sauti ikatembea. Ikaenda kwa madereva, ikaenda sokoni, mpaka mama yangu akaisikia kule Kulamawe akanipigia kuuliza kama ni mimi kweli, kwa sababu hakuitambua sauti ya binti yake. Jumatatu nikaenda afisi ya chifu, nikaandikisha lalamiko. Chifu akasema litasikizwa Alhamisi ya wiki inayofuata. Kamati ya mafundi nayo ikamsimamisha Fundi kazi, na sanduku lake la spana likafungiwa afisini kwa chifu mpaka siku hiyo.

Nikapita pale ukutani siku mbili baadaye. Alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, mikono magotini, safi. Sijawahi kuona mikono ya yule mtu ikiwa safi. Kando yake fundi mwingine alikuwa tayari amepanga vyombo vyake mahali pake. Watu walikuwa wanapita wakimtazama na kunong'ona, na wengine hawakunong'ona, walisema kwa sauti lile neno langu. Na mimi nilifurahi! Nilirudi nyumbani nikala vizuri. Hilo ndilo linaniuma kuliko yote.

Sasa Jumanne ya wiki iliyofuata.

Mteja alikuja nimpake hina ya harusi ya dada yake. Ilipokauka nikamkwangua, nikafungua ile chupa ya simsim, nikamimina kidogo kiganjani. Sumeya alikuwa amekaa mkekani anamlisha mwanasesere kwa mkono wake mzima. Akainua kichwa. Akanusa. Uso ukambadilika, akaniita mama kwa Kisomali.

"Hooyo, inanuka gari."

"Gari gani, mama?"

"Gari ya harusi. Sitaki. Hooyo, nataka kutoka!" Akaanza kulia na kujisogeza nyuma mpaka mlangoni, ameukumbatia ule mkono wa plasta.

Mteja akacheka, "Huyu naye, gari inanuka karafuu?"

Sikucheka. Nikakumbuka pilau ya bibi harusi. Nikakumbuka pamba.

Mteja alipoondoka nilitoka uani. Gari lilikuwa pale, limebonyea usoni, ribini bado imening'inia. Nikaweka jeki, nikatoa gurudumu la kushoto, nikainama nikaweka pua karibu na pedi. Zimeungua, nyeusi, zinang'aa kama sufuria ya kukaangia. Na zinanuka chupa yangu.

Nilikaa chini kwenye mchanga.

Mume wangu aliporudi nilimwambia yote, hata sikungoja amalize chai. Nilidhani atanipigia kelele. Nilitaka anipigie kelele! Akasema, taratibu kabisa, "Mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Ijumaa nikiosha gari niliona diski ina mafuta. Nikapangusa na kitambaa. Nikasema iliyobaki itaungua yenyewe."

"Na ukatuingiza kwa hiyo gari? Mtoto ukamwingiza?"

"Ningewaambia nini wakwe asubuhi ya harusi? Gari limekataa kutoka? Ningechekwa." Akapuliza chai. "Na sasa wacha ikae hivyo. Madereva wakisikia nilijua, steji nitafukuzwa. Fundi atazoea mahali pengine. Yeye ana kazi ya mikono, hawezi kukosa."

"Nitaenda kwa chifu."

Hapo ndipo alipocheka. Kwamba mke wake alipaka gari hina! Na hapo ndipo chupa ikaenda ukutani, Sumeya akalia, na mimi nikamwambia maneno ambayo sikujua ninayo. Miaka mitano nimemsitiri huyu mtu kwa kila kitu, akichelewa nasema barabara mbaya, akikosea abiria nasema amechoka. Siku ile niliishiwa.

Akaniambia, "Ukitaja jina langu kwa chifu, usirudi hapa."

Nikasema sawa.

Jumatano asubuhi nikaenda ukutani. Fundi alikuwa kwenye tairi lake. Aliponiona alisimama haraka, nadhani alifikiri nimekuja kumtukana tena. Nilikuwa na zile pedi mbili za kushoto, nimezitoa na kuzifunga kwa gazeti. Nikampa.

"Fundi, nusa."

Akafungua, akanusa, akanitazama. Akazisugua kwa kidole gumba. Nikamweleza kila kitu, rangi, tepu, pamba, mafuta. Nilitegemea atanitusi, na ningestahili. Alirudi tu kukaa.

"Mama Sumeya, unajua mimi hii wiki yote nafungua hilo gurudumu kwa kichwa? Bolti ya kwanza, ya pili. Nikajiuliza, ama nilisahau? Ama nilikaza vibaya? Nikamwambia bibi yangu, pengine ni mimi kweli nimevunja mtoto wa watu. Pengine nimezeeka." Akakunja gazeti vizuri, mara mbili. "Nilikuwa nimeanza kukubali."

"Fundi, nisamehe."

"Hiyo samahani nimeisikia. Nimeisikia peke yangu." Akaonyesha barabara kwa kidevu. "Ile ingine walisikia mpaka Kinna."

Alikuwa na haki. Nikatoa simu palepale, nikatuma sauti kwa grupu ileile. Nikasema mimi ndiye niliyetia mafuta kwa breki, Fundi hana kosa, na lile neno la kabila nililosema ni uchafu wa mdomo wangu. Majibu yakaanza kuingia. "Shetani wa kike." "Ulijua ukanyamaza?" "Hina kwa gari, haki ya Mungu!" Mama mmoja akatuma kicheko cha dakika nzima. Wacha wacheke. Fundi alisikiliza sauti yangu mpaka mwisho, akanirudishia gazeti na pedi zake. "Hizi wapelekee chifu. Si mimi nazihitaji."

Hajanisamehe. Hajasema amenisamehe, na mimi siwezi kumlazimisha.

Nyinyi mnaosoma, wasichana hasa, mnaoona vitu kwa simu mnasema hata mimi naweza. Pakeni, siwakatazi. Lakini breki si mkono wa bibi harusi. Mafuta yoyote, ya simsim, ya nazi, ya kujipaka, yakigusa diski au pedi, usiwashe hilo gari! Nenda kwa fundi ukamwambie ukweli hata kama atakucheka. Mtoto mfunge mkanda, hata kama ni mwendo wa kutoka hapa hadi dukani. Na mtoto wako akiumia, kabla hujanyoosha kidole kwa mtu, na kabla hujamtukania watu wake, tazama kwanza mikono yako ilishika nini. Mimi sikutazama. Sasa naandika hapa usiku wa kuamkia Alhamisi, nikiwa kwa mama yangu Kulamawe, Sumeya analala kifuani kwangu na plasta yake inanikwaruza shingo, na jioni tulipopita kwa jirani anayepika pilau, mtoto alinishika nguo.

Kutoka ukutani nilienda afisi ya chifu. Karani ni dada mmoja Mborana, mpole. Nikamwambia nataka kufuta lalamiko langu.

"Kufuta ni kazi ya chifu, na chifu amesafiri hadi kesho. Mimi naandika malalamiko tu."

"Basi andika jipya."

Akafungua kitabu kikubwa, akachovya kidole mate, akafika ukurasa. "Mlalamishi ni wewe. Dhidi ya nani?"

"Mimi."

"Hiyo nimeshaandika. Nauliza mlalamikiwa."

"Ndiyo, ni mimi."

Akaweka kalamu chini. "Dada, umekunywa chai leo?"

"Sijakunywa. Andika. Na wa pili ni mume wangu."

Akanisukumia kitabu niandike mwenyewe. Niliandika kwa herufi kubwa ili kesho chifu asitafute miwani. Nanakili hapa kama lilivyo, majina tu ndiyo nimetoa:

MLALAMISHI: Mimi, mama wa mtoto aliyevunjika mkono.

MLALAMIKIWA WA KWANZA: Mimi. Nilipaka mafuta kwenye kalipa, yakaingia kwenye breki. Nikampakata mtoto bila mkanda. Nikamsingizia mtu asiye na kosa, nikatukana kabila lake mbele ya watu, na nikaja hapa Jumatatu kuandikisha uongo ambao sikuuchunguza.

MLALAMIKIWA WA PILI: Dereva, mume wangu. Aliyaona mafuta Ijumaa, akatubeba Jumamosi. Alijua fundi anateseka bure, akanyamaza.

USHAHIDI: Pedi mbili ndani ya gazeti. Nusa.

NINACHOOMBA: Niitwe Alhamisi saa ileile aliyoitwa fundi, nisimame mahali alipopaswa kusimama yeye. Arudishiwe mahali pake ukutani. Na sanduku lake la spana litolewe leo, msingoje chifu arudi. Mimi mwenyewe nitalibeba nimpelekee, watu wakiniona.